Mji Unapomkuta Mzee: Mwendo na Afya ya Wazee kati ya Tegeta na Bagamoyo

Msafiri anayetoka Mwenge kuelekea kaskazini kwa Barabara ya Bagamoyo hupita Tegeta, Boko na Bunju, huvuka Mto Mpiji ulio mpaka wa mikoa ya Dar es Salaam na Pwani, kisha huingia Mapinga, Kerege na Zinga kabla ya kuufikia mji wa kale wa Bagamoyo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe. Sasa imepimwa viwanja, na kila mwezi kuta mpya huinuka. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 2,024,947. Mkoa umekaribia kuongezeka maradufu katika muda wa miaka kumi.

Katika ongezeko hilo wamo wazee wa aina mbili. Wa kwanza ni wenyeji ambao hawakuhama popote. Mji ndio uliowafuata na kuwazingira shambani mwao. Wa pili ni wazazi walioletwa na watoto wao kutoka Kilimanjaro, Iringa, Kagera na kwingineko, wakakaribishwa katika nyumba nzuri yenye maji ya bomba, umeme na geti la chuma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee kila aliyefikisha umri wa miaka 60, na makundi haya mawili hukutana katika foleni moja ya kliniki ya shinikizo la damu na kisukari. Wote huambiwa neno lile lile: “Fanya mazoezi.” Ni nadra kuulizwa watayafanyia wapi.

Uhusiano wa maisha ya mjini na maradhi ya moyo na mishipa ya damu umepimwa hapa hapa Tanzania. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliotoka vijijini katika Mkoa wa Morogoro na kuhamia Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane kati ya kila kumi walikuwa na kiwango kikubwa cha kazi nzito za mwili. Mwaka mmoja baadaye walibaki takriban robo yao tu. Uzito wa mwili uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na kwa wanawake. Washiriki hao hawakuwa wazee, lakini ikiwa mwili wa kijana hubadilika kiasi hicho ndani ya miezi kumi na miwili, hakuna sababu ya kutarajia kwamba mwili wa mtu wa miaka 68 utasamehewa.

Utafiti mwingine ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Tofauti ni karibu mara tatu. Hata hivyo takwimu hizi zisisomwe kana kwamba kijijini ni peponi. Watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Hai waliwakuta karibu 70 kati ya kila 100 wakiwa na shinikizo kubwa la damu. Kwa hiyo umri pekee huleta mzigo wake, na mji huongeza mwingine juu yake. Chumvi, mafuta, msongo wa mawazo na hewa chafu vina sehemu yake, lakini makala haya yanahusu kitu kimoja: mwendo, yaani ni mara ngapi kwa siku mzee huinuka, husimama, huinama na hutembea.

Ndani ya geti

Madhara makubwa zaidi hayaanzii barabarani bali nyumbani, tena huletwa na mapenzi. Mama aliyezoea kuamka alfajiri, kufagia uwanja, kuteka maji, kutwanga na kwenda shamba anafika Mapinga kwa mwanawe. Hapo hukuta msichana wa kazi, jiko la gesi na televisheni. Akishika ufagio hunyang’anywa: “Mama, umeshatusomesha, sasa kaa upumzike.” Mkwe naye huona aibu majirani wakimwona mama mkwe akifua. Kukataa ni kama kuukataa ukarimu, basi mama hukaa. Baada ya miezi sita anaanza kulalamika magoti, anapata tabu kuinuka kwenye sofa, na wana huzidi kumpunguzia kazi kwa kuwa sasa “ameanza kuzeeka”.

Kinachotokea mwilini kinafahamika vizuri. Kuanzia umri wa miaka 50 hivi, mwili hupoteza misuli kwa kiwango cha takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, na nguvu hupungua upesi kuliko misuli yenyewe. Misuli ya mapaja na makalio, ile inayomwinua mtu kutoka kitini, ndiyo inayoumia zaidi kwa kutotumika. Katika jaribio moja lililofanyika Marekani, wazee 12 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu; walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Mtu wa miaka 30 angeirudisha kwa urahisi. Mzee huirudisha polepole na kwa jitihada, na pengine asiirudishe yote. Misuli pia ndiyo ghala kubwa la kupokea sukari kutoka katika damu, hivyo inapopungua, kisukari hupata nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wengi hulipuuza, nalo ni jinsi mtu anavyokaa. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania wamechunguzwa kwa vifaa vinavyofungwa mwilini, na ilionekana kwamba nao hupumzika kwa karibu saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na ule wa watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao hutumika kwa kuchuchumaa, na kuchuchumaa huifanya misuli ya miguu iendelee kufanya kazi. Sofa haifanyi hivyo.

Maisha ya kale ya mwambao yalikuwa na mikao ya namna hiyo kwa wingi. Mwanamke alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akasonga ugali akiwa kwenye kigoda, akasuka ukili jamvini, akaenda choo cha kuchuchumaa. Mwanamume alishona nyavu akiwa chini. Mwislamu anayetimiza swala tano za faradhi husujudu mara 34 kwa siku, na kila rakaa humtaka ashuke chini na kuinuka tena kwa nguvu za magoti na nyonga. Ibada si mazoezi na haikukusudiwa kuwa mazoezi, lakini daktari hawezi kuupuuza ukweli huo wa mwili. Kwa sababu hiyo swali moja linafaa kuulizwa kliniki za Bagamoyo: “Mzee, bado unasujudu chini au umehamia kwenye kiti? Tangu lini?” Mkristo huulizwa kama bado hupiga magoti kanisani. Jibu humweleza mhudumu hali ya mapaja na magoti kwa usahihi ambao maswali mengi ya fomu hayaufikii, na tarehe ya kuhamia kitini mara nyingi ni tarehe ambayo udhaifu ulianza kuonekana.

Haina maana kwamba wazee warudishwe kuteka maji kisimani. Ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo mbaya kwa uti wa mgongo wa bibi ambaye mifupa yake imekwisha kupungua uzito, na choo cha kuchuchumaa ni hatari kwa aliyepata kiharusi. Ila kati ya ndoo ya lita 20 na sofa kuna kazi nyingi za katikati: bustani ya mchicha, kuku watano, kuanika nguo, kumpeleka mjukuu shule ya awali iliyo mtaa wa pili. Familia inayoshauriwa na mhudumu wa afya iambiwe waziwazi kwamba kumwachia mzee kazi hizo ni sehemu ya matibabu. Wengi hufarijika wakisikia hivyo, na mzee mwenyewe kuliko wote.

Nje ya geti

Sasa mzee aliyeshawishika anatoka kutembea. Katika mitaa mingi mipya ya Bunju, Mapinga na Kerege atakutana na mchanga mwingi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Mchanga huongeza kazi ya moyo na hutikisa vifundo vya miguu. Kwa mwenye nguvu ni zoezi zuri, kwa mwenye ganzi ya miguu inayotokana na kisukari ni mtego. Njia za waenda kwa miguu ni chache, na zilizopo hugeuka kuwa meza za biashara au njia ya mkato ya bodaboda. Mbwa wa ulinzi huachiwa jioni. Nyumba zimetenganishwa na kuta ndefu zisizo na mahali pa kuketi, hivyo mzee anayeweza kwenda hatua 300 kisha apumzike hana pa kupumzikia, naye anaamua kubaki ndani.

Linganisha na Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mitaa yake ni myembamba, nyumba za mawe hutupa kivuli barabarani, na mbele ya nyingi ipo baraza. Baraza ilijengwa kwa ajili ya mazungumzo na biashara, lakini kwa mtazamo wa tiba ni kituo cha kupumzikia kila baada ya hatua chache. Msikiti, duka, soko la samaki na nyumba ya rafiki vyote viko karibu. Mzee wa hapo hatoki “kufanya mazoezi”. Anatoka kwenda kuona dau zimeingia na nini, na kabla ya adhuhuri ameshatembea hatua elfu kadhaa bila kujua. Mji huo una kasoro zake: vizingiti virefu, ngazi zilizomeguka, mitaro isiyofunikwa. Lakini kanuni yake ni sahihi, na viwanja vipya vimeisahau. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, liliweka mahali pa kukaa, njia salama na vyoo vya umma miongoni mwa mahitaji ya kwanza. Waashi wa mwambao walikuwa wameshatekeleza la kwanza karne moja na zaidi kabla yake.

Ufuko nao ulikuwa uwanja wa wazi wa kila mtu. Maji yanapokupwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na tambarare, upepo hupunguza joto, na hakuna gari. Lakini kwa sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, hoteli na nyumba za kifahari zimeziba vijia vilivyokuwa vikielekea baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari. Sheria hiyo husomwa kama ulinzi wa mikoko na kasa; inaweza pia kusomwa kama ulinzi wa moyo wa mzee.

Kuvuka barabara kuu ni mada peke yake. Wahandisi wa nchi nyingi wamezoea kukadiria kwamba mtu huvuka kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wa miaka 65 na zaidi hutembea kwa wastani wa mita 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Chukua barabara ya njia nne, yenye upana wa mita 14. Kijana huivuka kwa chini ya sekunde 12. Bibi mwenye mwendo wa mita 0.8 anahitaji sekunde 17 na nusu. Katika muda huo gari linaloheshimu kikomo cha kilomita 50 kwa saa husafiri mita 243 hivi, na linalokwenda kilomita 80 husafiri karibu mita 390. Ili avuke salama, bibi anapaswa kuliona gari lililo mbali kiasi hicho na kukisia kasi yake, na pengine mtoto wa jicho umeshamfunika jicho moja. Kisiwa cha katikati ya barabara, ambapo mtu husimama na kuvuka kwa awamu mbili, huupunguza mtihani huo kwa nusu. Daraja la juu lenye ngazi nyingi halimsaidii mwenye magoti mabovu. Atapita chini yake.

Kuanguka hakuhitaji gari. Duniani kote, watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio na zaidi ya miaka 60 ndio wengi wa wanaokufa. Nyonga ikivunjika, safari ya kutoka Zinga hadi hospitali yenye daktari bingwa wa mifupa ni ndefu, na kitanda cha kusubiria upasuaji huanza hapo hapo kula misuli kama ilivyoelezwa juu. Wengine hawavunjiki chochote lakini huogopa. Woga wa kuanguka humfungia mzee ndani, miguu hudhoofika, na uwezekano wa kuanguka huongezeka.

Joto la pwani halina budi kutajwa kwa ufupi. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua la mchana halifai kwa mazoezi ya mzee, hasa anayetumia vidonge vya kutoa maji. Muda mwafaka ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni.

Katika chumba cha kliniki

Vipimo viwili vinaweza kufanyika katika zahanati yoyote, bila umeme. Cha kwanza: mzee aketi kitini, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Cha pili: ainuke kitini na kuketi mara tano mfululizo, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya udhaifu wa miguu. Saa ya simu inatosha. Kiti kiwe kimeegemezwa ukutani, na mhudumu asimame karibu.

Shinikizo la damu lipimwe mzee akiwa amekaa au amelala, kisha tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, dawa zipitiwe upya kabla ya kumwambia mgonjwa akatembee. Wapo wanaoanguka kwa sababu ya dozi, si kwa sababu ya mji.

Swali la choo lisionewe haya. Mzee anayepanda daladala mbili kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya anajua kwamba njiani hakuna choo, hivyo siku ya kliniki huenda akaruka kidonge cha kutoa maji. Akifika, shinikizo liko juu, na anaongezewa dawa ambayo hakuihitaji. Kumuuliza kwa upole, “Shikamoo bibi, leo umekunywa vidonge vyote kabla ya kutoka?” hufunua jambo hilo. Mara nyingi inatosha kumruhusu kukinywa akishafika au akirudi nyumbani.

Miguu ya mwenye kisukari ikaguliwe kila hudhurio, pamoja na vidole vya katikati, na viatu vyake pia. Ndala zilizolika kisigino na lami ya saa saba mchana vimesababisha vidonda vingi. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari abebe pipi au kipande cha sukari anapotoka. Mkongojo au bakora iwe na urefu unaofikia kifundo cha mkono mzee akisimama wima mikono ikiwa imening’inia, na ishikwe upande ulio kinyume na mguu unaouma. Wengi huishika upande wa mguu mbovu.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, yaani zile zinazomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kusimama imara angalau siku tatu kwa wiki kwa walio na miaka 65 na zaidi. Idadi ya hatua 10,000 kwa siku inayotajwa sana ilitokana na tangazo la biashara la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba kwa wenye miaka 60 na zaidi faida huongezeka hadi kufikia hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku, kisha hutulia. Anayetembea 2,000 leo akiongeza hadi 3,000 mwezi ujao amekwisha kupata faida, na ushauri mzuri huanzia pale alipo: kutoka getini hadi mti wa pili kabla ya swala ya alasiri, wiki hii, hadi dukani, wiki ijayo. Kwa asiyeweza kutoka, kuinuka kitini mara kumi, asubuhi na jioni, ni mwanzo wa kweli.

Serikali ya mtaa ina nafasi ambayo hospitali haina. Benchi la saruji chini ya mwarobaini, kivuko kilichochorwa upya, kifuniko cha mtaro na kijia cha kwenda baharini kisichozibwa ni maamuzi ya kikao, na mabaraza ya wazee ya mitaa na vijiji yana haki ya kuyapeleka hapo. Mganga wa zahanati akiambatanisha orodha ya mahali ambapo wagonjwa wake walianguka katika mwaka mmoja, ombi hilo litakuwa na uzito zaidi.

Mzee asimame mara moja na kutafuta huduma akiwa anatembea endapo atasikia maumivu au kubanwa kifua, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, mdomo kwenda upande, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Dalili mbili za mwisho ni za kiharusi hata zikiisha baada ya dakika chache, na hospitali hufikiwa siku hiyo hiyo.